Uchambuzi wa kisa: mchoro wa Tamohi uliofukuliwa 1946, na kilichoupata baada ya kuona jua

Kisa chenyewe

Kisa hiki nakileta kwa wanaofanya kazi za mambo ya kale, wanafunzi wa akiolojia, na yeyote anayesimamia magofu sehemu za joto na mvua nyingi. Ni cha Meksiko, kwenye mji wa kale wa Wahuasteki unaoitwa Tamohi. Mwaka 1946 walifukua pale ukanda wa lipu uliochorwa watu kwa rangi nyekundu, wakaunakili kwenye karatasi, wakauacha palepale ulipokuwa, na leo rangi imebaki kidogo sana, mchoro umechakaa kiasi kwamba bila nakala ya zamani mkononi ni kazi kujua mtu ameanzia wapi na ameishia wapi.

Majina ya wenye shamba, vibarua na walinzi waliokuja baadaye sijayaweka, hayatusaidii kitu. Jina la mchimbaji, Wilfrido Du Solier, nimeliacha kwa sababu kazi yake aliichapisha mwaka huohuo na ndiyo tunayoitegemea mpaka leo.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kuuacha mchoro mahali pake ulikuwa uamuzi mzuri, kuuacha wazi ndiko kulikoumaliza. Haya ni maamuzi mawili lakini watu wanayachukulia kama moja, na hapo ndo shida inapoanzia kwenye saiti nyingi tu, si Tamohi peke yake.

Mahali na watu wake

Tamohi iko jimbo la San Luis Potosí, kaskazini mashariki mwa Meksiko, nje kidogo ya mji wa Tamuín, ukingoni mwa mto Tampaón ambao maji yake yanaingia mto Pánuco na kumwagika Ghuba ya Meksiko pale Tampico. Machapisho ya zamani yanapaita El Consuelo, jina la shamba la watu, kwa hiyo ukikutana na majina hayo mawili usidhani ni sehemu mbili.

Wahuasteki wenyewe wanajiita Teenek. Lugha yao ni ya ukoo wa Kimaya japo wanaishi mbali kabisa na Wamaya wengine, na bado wapo, zaidi ya watu 150,000 wanaongea Kiteenek leo, wengi wao San Luis Potosí na Veracruz. Nalisisitiza hili kwa sababu tukisema mji wa kale wa fulani, msomaji anapata picha ya kabila lililofutika, na akishapata picha hiyo mchoro unageuka kuwa mali isiyo na mwenyewe. Huu una wenyewe.

Mji ulistawi katika karne za mwisho kabla ya Wahispania. Walijenga majukwaa kwa udongo na mawe ya mtoni, kisha wakapiga lipu ya chokaa juu, sakafu juu ya sakafu. Nchi ya Wahuasteki inajulikana kwa majengo ya duara na yenye kona za mviringo, watafiti wengi wanayahusisha na mungu wa upepo. Ufinyanzi wao ni ule mweupe wenye michoro myeusi, na vidani vyao vya kombe la baharini vilichongwa kwa ustadi ambao mpaka leo unashangaza. Halafu yakaja mambo ya karne ya 16. Cortés, kiongozi wa wavamizi wa Kihispania, aliingia eneo la Pánuco kwa vita, na kuanzia 1527 gavana Nuño de Guzmán akawa anawauza wenyeji utumwani visiwa vya Karibi. Watu walipungua vibaya mno, miji ikaachwa, majukwaa yakaota nyasi na ng'ombe wakalishwa juu yake.

Sanamu iliyotangulia kuondoka

Kabla ya mchoro kuna jambo lilishatokea hapohapo El Consuelo, na bila kulijua huwezi kupima maamuzi ya 1946 kwa haki. Kwenye miaka ya 1910 ilipatikana hapo sanamu ya mawe ambayo sasa ni maarufu sana, inaitwa El Adolescente. Ni kijana aliyesimama uchi, kichwa kimerefushwa nyuma kama walivyokuwa wakiwafanyia watoto, masikioni ana vipuli vikubwa, na upande mmoja wa mwili umechongwa alama tupu, mahindi na maua, kuanzia juu mpaka mguuni. Mgongoni amebeba kiumbe mdogo, wengine wanasema mtoto, wengine wanasema jua changa.

Ile sanamu ilichukuliwa na leo iko Makumbusho ya Taifa ya Antropolojia mjini Mexico City. Iko salama kabisa, unaweza kuizunguka ukahesabu mahindi moja moja. Ila ukiuliza ilikuwa imesimama wapi ndani ya mji, imetazama upande gani, chini yake kulizikwa nini, na kama ilikuwa peke yake au na wenzake, huna wa kukujibu, maana ilitoka ardhini kabla hajafika mtu wa kuandika hayo. Jiwe limepona, mahali pake pamepotea.

Ilivyotokea 1946

Du Solier alikuja kama mtu wa INAH, taasisi ya taifa ya antropolojia na historia, ambayo yenyewe ilianzishwa 1939, yaani ilikuwa bado changa. Kwenye jukwaa mojawapo akakuta kitu ambacho hakikuwa kimeonekana kwenye nchi ya Wahuasteki: madhabahu zenye umbo la koni iliyokatwa kichwa, zimeunganishwa na kijukwaa kirefu chembamba, na kwenye lipu yake msafara wa watu kama kumi na wawili, rangi nyekundu juu ya nyeupe.

Hebu nikupeleke karibu kidogo. Watu wamebanana, hakuna nafasi tupu, manyoya na mapambo ya kichwa ya huyu yanaingia karibu na mkono wa yule. Nyuso zinatazama pembeni. Wamevaa mavazi mazito ya sherehe, wameshika vitu mikononi, na wengi wako mwendoni. Mchoraji hakutumia rangi nyingi, nyekundu moja tu, lakini akaitumia mara mistari myembamba, mara akajaza eneo zima, hadi ile nyeupe ya lipu nayo ikawa inafanya kazi ya rangi ya pili. Namna ya kuchora inakaribiana na ile ya vitabu vya kukunja vya Meksiko ya kati na kusini, wakati huohuo mapambo mengine ni ya Kihuasteki mwenyewe. Ndo maana mchoro huu ni mkubwa kuliko vipimo vyake, unaonyesha watu wa mto Tampaón walikuwa ndani ya mazungumzo ya dini na siasa ya Meksiko nzima, hawakuwa pembezoni kama wanavyosimuliwa.

Lipu ikasafishwa mpaka msafara mzima ukaonekana, Du Solier akaunakili sura kwa sura, na mwaka huohuo akachapisha kwenye jarida Cuadernos Americanos. Mchoro ukabaki pale pale kwenye madhabahu.

Maamuzi na sababu zake

La kwanza ni kufunua mchoro wote kwa mpigo badala ya kufunua kipande. Kwa wakati ule ilieleweka, huwezi kusoma msafara ukiwa umeona watu wawili tu, na huo ulikuwa mchoro wa kwanza wa aina yake katika eneo zima.

La pili, kunakili mapema na kuchapisha haraka. Hapa natoa heko bila kusita. Wachimbaji wangapi wamekaa na daftari miaka ishirini wakisubiri ripoti kamili, wakafa nalo?

La tatu ni kutoung'oa. Mbinu za kung'oa lipu yenye rangi zilikuwepo, Ulaya walishazitumia sana. Lakini mchoro unaopita kwenye kijukwaa na madhabahu za mviringo haung'oki bila kuukata vipande, na ukishaukata unapoteza ule mzunguko ambao labda ndio ulikuwa maana yake, watu wanatembea kuelekea mahali fulani. Miaka ya baadaye Teotihuacan, mji wa kale karibu na Mexico City, iliwaonyesha watu ubaya wa kung'oa, pale vipande zaidi ya 70 vya michoro vilipoibukia San Francisco kwenye wosia wa mtu mwaka 1976, ikabidi watafiti warudi kutafuta ni kwenye nyumba ipi vilitolewa, na 1986 sehemu kubwa ikarudishwa Meksiko. Kwa hiyo kuuacha mahali pake, mimi naunga mkono.

La nne ndilo ninalolilaumu, na sioni kama liliwahi kuhesabiwa kuwa uamuzi: mchoro ulibaki wazi. Haukurudishiwa udongo. Nielewe vizuri, 1946 wataalamu wa uhifadhi walikuwa wachache mno. Meksiko ilikuja kujenga kituo chake cha uhifadhi na mafunzo pale Churubusco, mjini Mexico City, kwenye miaka ya 1960. Du Solier hakuwa na mtu wa kumpigia simu akamwuliza lipu hii ikikauka itafanya nini.

Matokeo

Paa la kukinga liliwekwa na saiti inatembelewa, lakini mchoro umeharibika vibaya. Watafiti waliokuja kuusoma upya, akiwemo Diana Zaragoza aliyeandika juu yake 2003, inabidi waanzie kwenye nakala za mwanzo, halafu ndipo walinganishe na kilichobaki ukutani. Kwa maneno mengine chanzo chetu kikuu cha mchoro wa Tamohi ni karatasi, ukuta umekuwa ushahidi wa pembeni.

Uchambuzi: lipu ilikufa kwa njia gani

Wengi wanafikiri jua liliifuta rangi. Sidhani. Nyekundu ya aina hii kwa kawaida inatoka kwenye udongo wenye chuma, na hiyo ni rangi ngumu, jua haliipaushi kirahisi. Rangi ya namna hii huwa inaanguka pamoja na ngozi ya lipu iliyo chini yake.

Inavyokuwa ni hivi. Lipu ikiwa ardhini kwa karne nyingi imeshatulia, unyevu haupandi wala kushuka sana, giza, udongo umeibana pande zote. Ukiifukua, maji yaliyomo ndani yanatafuta njia ya kutoka, na njia pekee iliyo wazi ni uso wa mbele, ambao ndio wenye rangi. Maji yanabeba chumvi za udongo. Yakifika juu yanakauka, chumvi inabaki inageuka chenga, chenga zinakua nyuma ya rangi na kuisukuma itoke. Mvua ikija chumvi inayeyuka tena na kuingia ndani, kiangazi kikirudi inasukuma tena. Aliyeishi nyumba ya chokaa Lamu au Mji Mkongwe anaijua hali hii, lipu ya chini inapukutika baada ya masika hata kama juzi tu fundi alipaka upya.

Sasa weka hayo kwenye bonde la Tampaón. Joto linaweza kupita nyuzi 40, mvua za kuanzia Juni mpaka Oktoba ni nzito, na vimbunga vya Ghuba vinafika. Mwaka 1955 vimbunga Gladys, Hilda na Janet vilipiga eneo hilo ndani ya wiki chache, bonde la Pánuco likafurika kupita kiasi na Tampico ikazama. Ongeza mwani, mizizi, popo na ndege, na mikono ya wageni. Paa linazuia mvua ya juu, sawa, lakini halizuii maji yanayopanda kutoka chini, na kwa lipu ya chokaa iliyokaa kwenye tambarare ya mto hayo ya chini ndiyo mabaya zaidi. Hili naomba lieleweke, maana bajeti za saiti zetu nyingi zinaishia kwenye bati.

Hata paa zuri lina hatari zake. Cacaxtla, mji mwingine wa kale kwenye jimbo la Tlaxcala, michoro iligunduliwa 1975 ikaachwa mahali pake na baadaye ikajengewa paa kubwa sana. 2007 mvua ya mawe ikaangusha sehemu ya hilo paa.

Uchambuzi: kilichofaa

Nakala. Bila Du Solier kukaa na penseli, leo tungekuwa na madoa mekundu na stori za wazee.

Lakini nakala nayo ina mipaka yake, na hapa Bonampak, mji wa kale wa Wamaya kusini mwa Meksiko, inafundisha vizuri kwa sababu iliingia kwenye macho ya dunia mwaka uleule wa 1946. Wachoraji wawili, Antonio Tejeda na Agustín Villagra, walinakili michoro ileile ya ukutani ya hapo, kila mmoja kivyake, na nakala zao hazikulingana kila mahali. Mmoja kaona pambo, mwingine kaona kitu kingine. Ile tofauti ni hazina, inakuambia wapi jicho lilikuwa linakisia. Tamohi nakala ya mwanzo ni ya mkono wa mtu mmoja, kwa hiyo pale alipokisia hatuna wa kumsahihisha, na ukuta wenyewe hausemi tena. Bonampak pia walimwaga mafuta ya taa juu ya ukuta ili ile tabaka ya chokaa iliyofunika iwe angavu na rangi zionekane, wakapata picha nzuri za siku hiyo huku wakiuachia ukuta balaa. Nakala ni nzuri ikiwa haikiumizi kile kinachonakiliwa.

Linganisha pia na Tamtoc, mji mwingine mkubwa wa Wahuasteki kwenye mto huohuo wa Tampaón. Mwanzoni mwa 2005, kazi ya kusafisha mfumo wa maji wa kale ikafunua bamba la jiwe kubwa ajabu, kama mita 7 kwa 4, limevunjika na limelala chini, limechongwa wanawake watatu, wa katikati akiwa na uso kama fuvu na wawili wa pembeni hawana vichwa, na kutoka kwao vinatoka vijito vinavyoungana naye. Walilisimamisha tena palepale penye maji, saiti ikafunguliwa kwa watu 2006. Ukilitazama leo unaelewa kwa nini lilikuwa hapo, maji na wanawake na damu viko mahali pamoja. Uamuzi wa kuacha mahali pake umefanya kazi Tamtoc kwa sababu kitu chenyewe ni jiwe zito linalovumilia. Uamuzi huohuo kwa lipu nyembamba unahitaji vitu vingine kumi vya kuusindikiza. Usinakili sera ya jirani bila kuangalia kitu chako kimetengenezwa na nini.

Njia ambayo haikuchukuliwa

Njia niliyokuwa nataka ichukuliwe ni kufunua, kunakili, kupiga picha, kisha kufukia tena. Kwa wasomaji wa Afrika Mashariki hili tunalo nyumbani. Nyayo za Laetoli, za miaka milioni 3.6 hivi, zilifukuliwa na timu ya Mary Leakey 1978 na 1979, zikatengenezewa kopi, halafu zikafukiwa kwa mchanga na mawe juu. Zingeachwa wazi Ngorongoro zingekuwa historia siku nyingi.

Ila kufukia si kutupa udongo na kwenda nyumbani. Ule mchanga wa Laetoli ulikuja na mbegu za migunga, miti ikaota juu ya nyayo, mizizi ikaanza kushuka. Katikati ya miaka ya 1990 idara ya mambo ya kale ya Tanzania na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani ikabidi wafukue upya, waondoe mizizi kwa uangalifu mkubwa, kisha wafukie tena kwa mpangilio wa tabaka na vitambaa maalumu vyenye dawa ya kuzuia mizizi. Kwa hiyo gharama ipo, na mtu wa kukagua lazima awepo kila mwaka.

Kuna hoja dhidi ya kufukia na ni nzito, siwezi kuipita. Mtoto wa Kiteenek wa Tamuín ana haki ya kuona kazi ya mababu zake, na ukiifukia unamwambia aamini tu. Naielewa. Lakini kilichotokea ni kwamba mtoto aliyezaliwa baadaye hakuona pia, alikuta madoa. Kopi ya ukubwa halisi, imejengwa kwenye umbo lile lile la madhabahu za mviringo, ikawekwa karibu na pale pale na maelezo kwa Kiteenek na Kihispania, ingewapa watoto hao cha kuona, na ile asili ingekuwa hai chini ikisubiri vifaa bora.

Kinachoweza kufanyika sasa

Sehemu ya mji iliyochimbwa Tamohi ni ndogo, majukwaa mengi bado yamelala chini ya nyasi, na mji uliopiga lipu kiasi kile unaweza kabisa kuwa na madhabahu nyingine iliyochorwa. Atakayeigusa, kwanza asifungue zaidi ya anavyoweza kufunika jioni ileile. Udongo wa mgusano, yaani ule ulioshikana na lipu yenyewe, asiumalize kukwangua siku ya kwanza. Apime chumvi na unyevu kabla hata hajafurahia rangi, aweke kivuli kabla ya saa nne asubuhi, na afanye ukaushaji uwe wa taratibu sana kwa vitambaa vya unyevu. Wanakili wawe wawili wasioangaliana karatasi. Picha za mwanga wa pembeni na za infraredi zipigwe wakati lipu ingali na unyevu wake, maana kuna mistari inayoonekana siku hizo za mwanzo tu. Na pesa ya kufukia, mchanga uliochekechwa, vitambaa, mshahara wa mkaguzi, viwe tayari ndani ya bajeti kabla jembe la kwanza halijaingia ardhini.